Mlima wa upande wetu

Mwaka 2009 nilikuwa nachora picha za kuuzia watalii katika duka moja la vinyago Moshi mjini, si mbali na Mnara wa Saa. Pundamilia, twiga, Wamasai warefu wasio na nyuso, na Mlima Kilimanjaro. Mlima ndio uliokuwa ukinunuliwa zaidi. Bosi alikuwa amebandika ukutani picha moja ya kunakili: tembo mbele, mgunga pembeni, theluji nyuma. Tuliizoea kiasi kwamba hatukuitazama tena.

Mimi ni wa Uru, kwenye mteremko wa mlima juu ya Moshi. Nimekua nikifungua mlango wa jikoni alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, naukuta mlima umejaa mbele yangu na vilele vyake viwili: Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Bibi alikuwa akituhadithia kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kuomba kwa Kibo, akarudi tena, na tena, mpaka Kibo akachoka, akashika mchi na kumtwanga. Ndiyo maana kichwa chake kimemeguka-meguka. Akifika hapo, bibi alinyoosha mkono kulia.

Kwenye picha ya bosi Mawenzi yuko kushoto, kwa sababu ilipigwa Amboseli, upande wa Kenya. Yaani sisi tuliozaliwa mlimani tulikuwa tunauchora kama anavyouona mtu aliyesimama upande wa pili wa mlima. Hilo lilinikaa moyoni, na Jumapili moja nikachora wa kwetu. Tembo sikuweka. Niliweka migomba, mibuni chini ya kivuli chake, na mabati yenye kutu. Mawenzi nilimkwaruza kwa msumari rangi ikiwa bado mbichi, apate zile kingo zake kali.

"Kijana, huu mlima umeugeuza," bosi alisema.

"Sijaugeuza, bosi. Hivi ndivyo ulivyo ukisimama hapa Moshi."

"Mteja anataka wa kwenye picha. Futa, weka tembo, nikupe hela yako."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kodi ya kulipa. Lakini niliwaza juu ya mzee Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo wa uchoraji tuliokuwa tukipatia mkate wetu unaitwa kwa jina lake. Alipoanza Dar es Salaam miaka ya 1960 alichora kwa rangi ya baiskeli, juu ya vibao vya dari, wanyama wa kichwani mwake mwenyewe. Nikamwambia bosi nitaendelea na pundamilia na twiga kama kawaida, ila mlima ampe mwingine. Alikubali kwa shingo upande.

Picha nikapanda nayo daladala hadi nyumbani. Mama aliifuta vumbi kwa upande wa kanga, akaisogeza dirishani, akaanza kuonyesha kwa kidole. "Hapa kwa baba yako mkubwa. Hapa ule mti wa mruka tulioukata." Halafu akanyamaza, akakunja uso. "Na mfongo uko wapi? Hii migomba inakunywa nini?"

Mfongo ni mfereji wa maji ya shambani; nilikuwa nimeusahau. Nikatoa brashi palepale. Mama akasimama nyuma yangu anaelekeza: upite juu ya shamba, maji hayapandi mlima! Mimi nikasema unakata kona baada ya mti wa mparachichi, yeye akasema kabla, na ugali ukapoa mezani hatujaelewana.