Na mimi nitakaa upande gani?

Tangu Jumanne swali moja la mama halijanitoka kichwani. Hakuuliza kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, maana hasira za mama nimezizoea, huwa zinaisha kabla chai haijapoa. Aliuliza kwa utulivu kabisa, na utulivu ule ndio unaonikosesha usingizi.

Wiki hii ya Desemba 2021 ilikuwa na mambo yake. Tumemaliza kusahihisha mitihani, uhamisho wa mwenzetu Baba Wawili kwenda Singida umethibitishwa, na ofisi ya walimu bado inabishana juu ya tamko la serikali la Novemba kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi darasani (mimi nasema warudi, na ilichelewa sana). Wiki nyingine hayo yote ningeyaandikia kurasa. Leo siwezi.

Mpango wangu wa Krismasi, kwa sababu ya korona, ni huu. Sikukuu mwaka huu inaangukia Jumamosi. Sisi wa mjini twende Mvumi, kijijini kwa mama, siku hiyo hiyo baada ya ibada, tule, turudi kabla giza halijaingia. Kaka na watu wake wa Dar waje Jumapili. Chakula kiliwe nje chini ya mkwaju, asikae mtu sebuleni. Kila familia iwe na mkeka wake na sinia lake. Anayekohoa abaki kwake, hata kama ni mimi. Ukoo wetu ukikutana wote nyumba haitoshi, na vyumba vya mama vina vile vidirisha vidogo vya kuzuia jua na vumbi la Dodoma. Watu wakijazana humo wakaimba na kucheka saa tatu, hewa inakuwa ile ile, wanapokezana tu. Na sasa kuna hiki kirusi kipya cha korona, Omikroni, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitangaza tarehe 26 Novemba.

Basi nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeshindaje?"

Nikamweleza, polepole, kama ninavyowaeleza kidato cha kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo wengine Jumamosi, wengine Jumapili."

"Ndiyo mama."

"Watoto wako na wa kaka yako hawataonana."

"Wataonana Pasaka, Mungu akipenda."

"Na mimi nitakaa upande gani?"

"Wewe ni katikati mama. Siku zote mbili upo."

Akanyamaza. Nilikuwa nasikia kuku. Kisha akasema, "Katikati ndiko wote wanakopita." Akauliza kama maji yanatoka huku mjini, akasalimia watoto, akaaga.

Nimeyarudia maneno hayo nikichambua mchele, nikipiga pasi, kanisani wakati wa matangazo. Katikati ndiko wote wanakopita. Kwa hesabu ya ugonjwa yuko sawa kabisa: nikizigawa familia mbili kwa siku mbili, hazikutani, lakini zote zinakutana naye, mwenye umri wa miaka sabini na moja, mwenye presha. Alichanjwa Agosti, ile Janssen ya sindano moja, chanjo zilipoanza kutolewa na wazee wa miaka hamsini kwenda juu wakatangulizwa. Nashukuru sana kwa hilo. Ila nilipokuwa nasikiliza pumzi yake kwenye simu sikudhani alikuwa anazungumzia virusi.

Mdogo wangu wa Nairobi anasema sisi huku tunateseka kwa sababu hatukuwekewa amri. Krismasi iliyopita kwao ilikuwa marufuku kuwa nje kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri. Ilipofika saa mbili wageni wakaaga wenyewe, wala hakuna aliyemnunia mwenzake. Ukisema "serikali imekataza" umemaliza maneno. Hapa kwetu tangu Machi 2020 hatujafungiwa ndani. Julai mwaka huu Wizara ya Afya iliposema tuepuke misongamano isiyo ya lazima, tuvae barakoa, tunawe, daladala zikaenda levo siti, abiria wote wamekaa, kwa muda, halafu kila mtu akarudi kwenye busara yake. Hakuna askari atakayekuja Mvumi kuhesabu watu kwenye mkeka. Atakayehesabu ni mimi. Na binti akimhesabia mama yake wageni uani kwake, hiyo haiitwi tena kanuni ya afya. Inakuwa ni yeye na mama yake. Hili ndilo linalonilemea, kwamba jambo zito hivi limeachwa mikononi mwa watu wanaopendana, waligombanie wenyewe.

Juzi nikamsimulia wifi. Akaniangalia, akaacha kumenya vitunguu.

"Wifi, umesahau msiba wa baba mdogo?"

Sikusahau msiba. Nisingeweza. Tulimzika Julai, haraka, tukiwa na barakoa, na ndugu wa mbali tukawaomba waombolee huko huko waliko. Lakini wifi alikuwa anakumbuka kitu kingine. Mama siku hizo alikuwa na kikohozi, na wanaume waliopanga viti wakakichukua kiti chake wakakiweka peke yake, kule karibu na zizi, mbali na wanawake wenzake. Mtu aliyekuwa shemeji yake kwa miaka hamsini anazikwa, na yeye anawatazama kwa mbali wenzake wakilia. Hakusema neno siku ile. Nilikuwa jikoni, sikuona.

Kwa hiyo aliponiuliza atakaa upande gani, aliuliza swali ambalo lina kiti ndani yake.

Nililia kidogo, nawaambia ukweli. Nikaanza kupanga namna ya kwenda Mvumi nikamwambie sikiliza mama, tuache yote, waje wote, wajae mpaka uani. Kisha nikamkumbuka baba mdogo alivyokuwa akihangaika kupumua usiku wa mwisho, nikajua siwezi kusema hivyo pia.

Jana jioni akapiga yeye. Mama hapigi. Mama huwa anabipu.

"Nimewaza," akasema. "Mbuzi siwezi kuchinja wawili, na nyama ya Jumamosi hailali mpaka Jumapili kwa joto hili. Waje wote Jumamosi. Wakae nje kama ulivyosema, mikeka mbalimbali, hilo sawa. Sebule nitaifunga na ufunguo nitakaa nao. Nimemwambia mjukuu anitengenezee kibuyu chirizi kipya pale kwenye lango, na sabuni ya kipande. Nitakaa hapo hapo."

"Langoni, mama?"

"Langoni. Asiyenawa hapiti. Anayekohoa nitamwona mimi kwanza, atapewa chakula chake arudi. Na kila mtu ataniamkia akiwa anaingia, kwa mbali, na barakoa yangu nitavaa. Upande wangu ni huo."

Nikashindwa kujibu. Akauliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia mama. Moyo wangu tangu jana ni mwepesi ajabu, nimefua mapazia yote bila kutumwa na mtu.

Sijui kaka atalipokeaje la kufungiwa sebule. Hajachanja, anasema anasubiri aone, na atakuja na basi lililojaa kutoka Dar, safari ya kutwa nzima na vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Nimemwomba achanje wiki hii. Amenitumia alama ya dole gumba, ambayo kwa kaka inaweza kuwa na maana yoyote. Atakutana na mama langoni, wamalizane huko.

Kabla ya kukata simu mama alinipa habari nyingine, ndiyo ninayolala nayo leo. Ameshapanda uwele shamba la juu, kwenye udongo mkavu, kama anavyofanya kila mwaka ili mvua ya kwanza ikute mbegu chini. Mvua haijaja. Kanga wa porini wameshaliona shamba, wanaingia asubuhi na kufukua mstari kwa mstari, na mtoto anayewafukuza amerudi kwao Chamwino. Mbegu ya kurudishia hana. Sokoni hapa nimeulizia, wanauza alizeti na mahindi, uwele wanasema mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo mvua inaweza kuwa imeshanyesha na kupita.