Kadi kwenye pindo la kanga

Leo tulikuwa Mbagala, Dar es Salaam, kujaribu maswali ya utafiti wa bima ya afya.

Baada ya shikamoo, nikamuuliza bibi mmoja: "Una bima ya afya?"

"Sina, mjukuu wangu."

Nikaendelea: kuna mtu anayekukatia bima kupitia kazi yake?

Akafungua pindo la kanga. Kadi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), picha yake mwenyewe, kona zimechakaa.

"Hii ya mwanangu, yeye ni mwalimu."

Mchangiaji wa NHIF huandikisha mwenza na wategemezi hadi wanne, wazazi wakiwemo. Kwa swali la kwanza tu, bibi huyu angehesabiwa hana bima! Imenigusa sana.

Mimi naona tumuulize kila mwanakaya peke yake, bima moja moja: NHIF, CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii), ya binafsi.

Wazee wenu wangejibuje? Niambieni.