Siku mjomba aliporudi kaunta

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifanya kazi kaunta ya baa ya hoteli miaka mingi sana, tangu mi sijazaliwa. Kama kuna mtu niliyewahi kumuona anashika ndimu na kisu kwa heshima basi ni yeye. Alafu ini likaanza kumsumbua, daktari akamwambia pombe basi, hata tone, na yeye akaacha, na kazi akaacha pia maana alisema hawezi kukaa katikati ya chupa usiku kucha afu ategemee moyo wake tu usimsaliti.

Nyumbani tulifurahi kweli. Lakini kuna kitu kilikuwa kinaniuma na sikuwahi kumwambia mtu: kila tukiwa na shughuli ya familia, wenzake wanapewa glasi nzuri zimefutwa zinang'aa, yeye anawekewa soda ya vuguvugu kwenye kikombe cha plastiki, vile vya watoto. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, ndo mazoea tu, mtu asiyekunywa pombe anaonekana hana shida, chochote kitamfaa. Na yeye anapokea, anashukuru, anakaa nacho mkononi mpaka gesi inaisha yote. Mtu aliyewahudumia watu vinywaji maisha yake yote! Mi nilikuwa naona vibaya sana.

Sasa dada alipopata nafasi ya kwenda kusoma mbali, mama akaamua tukusanyike nyumbani kumuaga, nikasema vinywaji niachieni mimi. Nilikuwa nimeshasoma kuhusu mojito, kile kinywaji cha Kuba, chenyewe asili yake kina ramu, lakini ukiitoa ramu unabaki na majani ya mnanaa, ndimu, sukari, barafu na maji ya gesi, na hivyo vitu vyenyewe tu vinatosha kabisa kuwa kinywaji cha kumpa mgeni wa heshima. Nilichotaka ni jagi moja, wote wanywe humohumo, wenye pombe zao wataongeza baadaye wenyewe wakitaka, ila glasi ya kwanza iwe sawa kwa kila mtu, mjomba asiwe na glasi yake ya peke yake ya kumtofautisha.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, lile la kukufanya utafute kivuli saa nne asubuhi. Mi nilikuwa nimeloweka mnanaa kwenye beseni la maji baridi, dada ndo ameshachomeka blenda anataka kutupia majani yote mle ndani na ndimu, asage, yaishe. Mara mjomba huyo mlangoni, kaja mapema kumsaidia mama kupanga viti. Tukamwamkia, akaitika, lakini macho yako kwenye beseni. Akachukua shina moja la mnanaa akalikung'uta maji, akalinusa, akanyamaza kidogo.

"Nani anatengeneza?"

"Mimi, mjomba. Haina kilevi, nataka wote tunywe."

Akaniangalia, hakusema kitu. Akavua saa akaiweka juu ya friji, akakunja mikono ya shati, akanawa mpaka kwenye viwiko. Afu akamwambia dada, "Mama, hiyo mashine izime kwanza, hatuwi nayo maadui, tutaijaribu baadaye."

Basi ndo likaanza somo ambalo mpaka leo nalikumbuka neno kwa neno. Akachukua jani moja akaligeuza upande wa chini akaliweka usawa wa dirisha ili mwanga upite, akatuambia tuangalie kwa makini. Jani la mnanaa lina mishipa imetokeza, katikati yake kuna vidoadoa vidogo sana vinang'aa, unaviona ukikaza macho. Hivyo, akasema, ndo vifuko vya mafuta, harufu yote unayoisikia inakaa hapo, juujuu, haiko katikati ya nyama ya jani. Kwa hiyo kazi yako ni kuvipasua hivyo vifuko tu, jani lenyewe liachie uzima wake, ukiliponda likawa uji unatoa yale maji ya kijani na uchungu wa majani, na uchungu ukishaingia hakuna sukari ya kuutoa.

Afu akaweka majani kama kumi kwenye kiganja cha kushoto, akapiga na cha kulia mara moja, pa! Jiko zima likanukia. Sitanii, mama alikuwa chumba kingine akauliza kuna nini huko.

Akatufundisha na kuuchagua. Kuna mnanaa ule mkali wenye mentoli nyingi, ile inayoleta ubaridi mdomoni, unachoma mpaka puani, huo kwa chai ni mzuri ila kwenye glasi ya ndimu unafunika kila kitu, na kuna huu mwingine laini, mtamu kidogo, majani yake yamekunjamana na pembeni yana meno meno, huu ndo wa kazi hii. Mashina mazito tuliyatoa, yale ni machungu, tukabakiza majani na vile vichwa vya juu kwa ajili ya kupamba.

Dada hakuridhika. Ni mtu wa kutaka kuona mwenyewe, na mjomba alimpenda kwa hilo, kwa hiyo akamwambia haya, saga glasi yako, mimi nafanya yangu kwa mkono, vipimo vilevile, afu tuziache zikae. Ya dada ilitoka ya kijani inapendeza, ina povu juu, tukaonja palepale ikawa tamu tu, tena mi nasema wazi kama unakunywa hapohapo na umeichuja, blenda haina ubaya. Tukaziacha mezani tukaendelea na ndimu. Tulivyorudi ya blenda ilikuwa imeanza kugeuka, rangi inaelekea kwenye kahawia, na ukimeza kuna uchungu unabaki nyuma ya ulimi. Ya mjomba ilikuwa maji meupe yana majani yanaelea, ladha ileile. Dada akachomoa waya wa blenda mwenyewe bila kuambiwa.

Kwenye ndimu ndo alikaa muda mrefu zaidi. Kwanza alikataa zilizotoka kwenye friji, akachukua zilizokuwa nje, akaziviringisha mezani kwa kiganja, anazikandamiza kwa uzito wa mwili mpaka unazisikia zinalainika, anasema ndimu iliyokaa nje na ikaviringishwa inatoa maji zaidi. Akazikata kwa upana, akakamua kwa mkono, lakini akasimama kabla ya kufika mwisho. Nikamuuliza mbona bado ina maji. Akasema ukiikamua ukaigeuza nje ndani unaanza kuvuta uchungu wa ile nyama nyeupe chini ya ganda, muda wa kuacha unausikia kwenye vidole. Ganda moja akalikunja karibu na uso wangu nikaona kabisa kaukungu ka mafuta kanaruka, hako, akasema, kaelekeze kwenye glasi, usikapeleke hewani.

Alipomaliza akaninyooshea mkono wake wa kulia nione. Juu ya kidole gumba na kuelekea kwenye kifundo alikuwa na mabaka meusi ya siku nyingi, mi nilikuwa nafikiri aliungua jikoni. Kumbe ni ndimu. Enzi hizo alikuwa anahudumia kando ya bwawa la kuogelea, anakamua ndimu kutwa nzima juani, na maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi yakapigwa na jua yanaunguza, yanatoa malengelenge na yakipona yanaacha doa linaloweza kukaa muda mrefu. Watu wengi hawajui hili na naliandika hapa kwa kukusudia: ukishakamua nawa kwa sabuni kabla hujatoka nje, hasa kama ni watoto wanakusaidia. Mi na dada tulinawa palepale, yeye amesimama anatuangalia mpaka tumemaliza.

Sukari alisema isiingie ikiwa chembechembe, kwenye baridi haiyeyuki vizuri, inakaa chini, mtu anakunywa juu chachu chini asali. Tukapika shira, kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, moto mdogo mpaka ikawa maji maangavu, tukaiacha ipoe kabisa maana shira ya moto inababua majani na kuyeyusha barafu. Kijiko kimoja tu cha sukari kavu alikiacha pembeni, akakisugulia na majani kidogo chini ya jagi kwa nyuma ya mwiko wa mbao, polepole, anazungusha na kukandamiza bila kugonga, zile chembe zinasaidia kukwaruza mafuta yatoke. Afu akatia chumvi, ya kushika kwa ncha za vidole viwili, nikashtuka, akacheka akasema hutaisikia ila uchungu utapungua. Na kweli.

Maji ya gesi yalikuwa kwenye friji tangu usiku, hilo nililijua, gesi inakaa vizuri kwenye maji baridi kuliko ya moto, ukifungua chupa ya vuguvugu gesi yote inakuishia kwenye povu. Akanipigia mkono begani kwa hilo na mi nikajisikia vizuri mno. Barafu alitaka mapande makubwa, yale madogomadogo yanayeyuka haraka yanakuachia maji tu. Kwa jagi lile tuliweka majani ya viganja viwili, maji ya ndimu 6, shira kama mililita 170, barafu mpaka nusu, na mwisho kabisa maji ya gesi lita 1, yamemiminwa taratibu pembeni mwa jagi, afu mwiko ukapita mara moja tu kutoka chini kwenda juu. Zaidi ya hapo unaua gesi.

Kitu kimoja nilikuja kukijua baadaye sana, na nilipokisoma nilimpigia simu mjomba usiku uleule. Mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi ya kueleza jinsi mwili unavyohisi joto na mguso, na kila mmoja kwa upande wake alitumia mentoli kukitafuta kile kipokezi cha kwenye neva kinachohisi baridi. Yaani mentoli inakigusa kipokezi kilekile kinachoguswa na baridi yenyewe, mwili unaambiwa kuna baridi hata kama joto la mdomo halijashuka. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho akasema, kwa hiyo wateja wangu walikuwa hawaniongopei waliposema wamepoa kabla barafu haijafanya kazi.

Turudi kwenye siku yenyewe. Wageni walipokaa mjomba hakwenda kukaa. Alisogeza meza ndogo karibu na mlango wa jikoni, akatandika kitambaa cheupe, akapanga glasi, zote za kufanana, nilimsisitizia hilo, akasimama nyuma yake mgongo umenyooka namna ambayo sikuwa nimemuona tangu aumwe. Kila anayefika anaulizwa, unapenda tamu au chachu? Anaongeza kidogo hiki au kile, anapiga kichwa cha mnanaa kwenye kiganja, anakichomeka karibu na pale mdomo unapogusa ili pua ikipate kwanza, anakukabidhi kwa mikono miwili. Kulikuwa na wazee wawili wamekuja na chupa zao, wakapokea glasi ile kwa heshima ya mwenyeji tu, wakanywa, wakaangaliana, wakarudi kupanga foleni na watoto. Chupa zao sikuona zimefunguliwa mpaka watu walipokula.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na trei, namuangalia mjomba akiwa na glasi yake mwenyewe mkononi, ileile kama ya wote, anaongea, anacheka, anaeleza watu habari za vifuko vya mafuta. Hakuna aliyemuuliza kwanini hanywi. Dada akaja akanikumbatia kwa nyuma akasema hii ndo zawadi kubwa uliyonipa, na yeye hakumaanisha kinywaji.

Jagi liliisha, tukatengeneza la pili, likaisha, mnanaa wote ukaisha, ikabaki ndimu na shira tu na bado watu wanataka. Jioni tunaosha vyombo mama akaja jikoni, akakaa kwenye stuli, akasema, "Kaka, mwezi ujao kuna kikao cha ukoo hapahapa. Vinywaji nakuachia wewe na mwanangu, wengine msituingilie."

Mjomba akajifuta mikono, akachukua saa yake juu ya friji akaivaa. "Watu wangapi?"

Mama akaanza kuhesabu kwa vidole, wakubwa, watoto, wanaokuja bila kualikwa. Mjomba akafungua friza, akatoa zile trei za barafu, akazihesabu, akatikisa kichwa. "Hizi hazitoshi, dada. Nataka bakuli kubwa zile za plastiki, barafu tuigandishe tangu siku mbili kabla. Na huyu," akanionyesha mimi, "aanze kupanda mnanaa kesho."