Mfilisti Yumo Kisimani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii Mwanzo 26 imenielemea, hasa mstari wa 15: Wafilisti walivifukia visima vya Ibrahimu, baba yake Isaka, wakavijaza kifusi. Nao walikuwa wafugaji, wenye kuhitaji maji yale yale! Lakini wivu juu ya mali ya Isaka ulikwisha kuwapanda (mst. 14).

Kuisoma habari hii kwa jicho la ndani hakukuanza jana. Origene wa Aleksandria, aliyehubiri Kaisaria ya Palestina katika karne ya 3, alifundisha kwamba kila nafsi ina kisima cha maji ya uzima, ila kimefukiwa. Paulo naye aliisoma kwa mfano habari ya Hajiri na Sara (Wagalatia 4:24).

Basi anza na habari yenyewe, mstari wa 12 hadi 33, ujue nani alichimba, wapi, na kwa nini alihama. Usipojua hayo, mfano hauna pa kusimama. Kisha shika kitu kimoja tu: kisima, au kifusi, au madhabahu. Ukitaka kila kondoo wa Isaka awe na siri yake, utaishia kubuni. Maana uliyoipata ipime: je, Biblia inaisema waziwazi mahali pengine? Kisima cha ndani kinapita, maana Yesu alisema hivyo kwa mwanamke Msamaria (Yohana 4:14). Isiposemwa popote, iache, hata kama imekusisimua.

Tunapoharibu ni kwa Wafilisti. Sikiliza shuhuda zetu: Mfilisti ni bosi, ni wifi, ni jirani wa nyumba ya pili. Mpendwa, kama kisima ni moyo wako, Mfilisti naye yumo humo humo. Ni kinyongo cha ugomvi wa mirathi. Ni simu unayoishika kabla hujapiga magoti. Ni kupenda kusifiwa kwa sauti yako kwaya ikishuka jukwaani. Kitaje kimoja, kwa jina lake, mbele za Mungu, ukitoe. Kesho utoe kingine. Usiseme tu "Bwana niondolee uchafu wote" ukaenda kulala, kwa sababu kifusi hakitoki kwa jumla, kinatoka kikapu kwa kikapu. Na usishangae kikirudi. Watumwa wa Isaka walichimba, wakagombewa, wakachimba tena.

Halafu tunapenda kuishia mstari wa 22, kwenye Rehobothi, kisima ambacho hakikugombewa, Bwana ametufanyia nafasi, amina, tukakaa. Isaka hakukaa. Alipanda Beer-sheba, akajenga madhabahu kwanza, ndipo hema, ndipo kisima (mst. 25). Abimeleki, mfalme wa Wafilisti, akamfuata na watu wake, wale waliomfukuza, naye akawafanyia karamu, akawaaga kwa amani. Siku ile ile watumwa wake wakaja kumwambia, tumeona maji.

Wiki hii someni mpaka 33. Ukifika mstari wa 30, simama kidogo, ujiulize ni nani ambaye hujamwandalia chakula.