Pua yangu na sufuria ya udi

Biashara yangu ni harufu. Napika udi wa sukari hapa Mombasa, na mwaka jana ilifika mahali sisikii harufu ya kitu. Sukari ikishaiva hadi rangi ya asali, ukichelewa kidogo tu inaungua na kazi yote inanuka majivu. Mimi wakati huo niliujua kwa pua. Ikabidi mavyaa avute kigoda aje akae jikoni. "Epua, mwanangu!" Naepua.

Kila jirani alikuwa na dawa yake, hasa za mentholi. Ukiivuta unahisi pua imefunguka, kumbe njia ni ile ile nyembamba. Kilichoamshwa ni mshipa wa fahamu wa hisia za uso, ule unaohisi baridi na ukali. Ndiyo maana hata karafuu iliniwasha puani lakini hainukii.

Daktari wa masikio, pua na koo aliingiza kamera nyembamba, akanionyesha vinyama laini vinavyong'aa, kama shokishoki lililomenywa. Sehemu inayonusa, akasema, iko juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, nayo ni ya sentimita chache za mraba tu. Hewa nyingi hupita chini kwenda mapafuni. Inayopanda huko ni kidogo. Kwa hiyo mtu anaweza kupumua bila taabu na asinuse kitu, njia ya juu ikiwa imezibwa. Mvuke wa chakula nao hupanda kutoka nyuma ya koo hadi hapo hapo. Nikaelewa kwa nini biriani ya harusini ilikuwa chumvi na pilipili basi.

Nilipewa dawa ya kupuliza ya steroidi, ya kupunguza uvimbe, na kusafisha pua kwa maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukipuliza dawa unainamisha kichwa, unaelekeza ncha upande wa nje, si kwenye ukuta wa katikati, maana huo huchubuka ukatoa damu. Haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Inataka wiki kadhaa. (Yale matone yanayozibua papo hapo, ukiyazoea, pua huziba zaidi.)

Harufu zilirudi bila mpango: moshi wa mkaa kwanza, kisha miski, waridi mwisho kabisa. Nikishikwa na mafua zinapotea tena, na vinyama vyenyewe vina tabia ya kuota upya, kwa hiyo dawa naendelea nayo. Mavyaa naye kigoda hakiachi. Anadai anasubiri mafua yangu yajayo.