Nilivyochagua aina ya upasuaji kwa mwanangu mwenye maji kichwani

Mzazi mwenzangu, kama umeambiwa juzi kwamba mtoto wako ana maji kichwani, kwamba kuna upasuaji wa namna mbili na unatakiwa kutia sahihi, nakuandikia wewe. Mimi nilipita njia hiyo mwaka 2019. Ni mwalimu wa shule ya msingi huku Bungoma, sijasomea udaktari, na niliyoyajua siku ile niliyapata kwa kusoma na kuuliza. Nataka uyakute mahali pamoja.

Mwanangu alizaliwa salama. Wiki ya tatu akashikwa na homa kali, akakataa ziwa, akapata degedege. Tulilazwa, akachomwa sindano za kuua bakteria, homa ikashuka, tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Baada ya mwezi mmoja hivi kofia zake zikawa hazimwingii tena. Watu walisema kichwa hicho ni cha ukoo wa baba yake. Mama mkwe hakukubali. Amelea watoto wengi. Aliweka kiganja juu ya utosi wa mtoto akiwa ametulia, akaniambia, "Mwanangu, hapa pamejaa. Mtoto asiyelia utosi wake haupaswi kusimama hivi."

Nilichukua futi ya kamba ya fundi cherehani nikaanza kumpima. Futi inapita juu ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma pale kichwa kilipotokeza zaidi. Mvulana wa miezi 3 kwa wastani huwa na sentimita 40 na nusu hivi. Wangu alikuwa na 44. Hata hivyo, kasi ya kukua ndiyo inayotisha kuliko kipimo chenyewe. Katika kijitabu cha kliniki kuna mistari ya ukuaji, na mtoto mwenye kichwa kikubwa cha kurithi hufuata mstari wake mmoja. Wa kwangu alikuwa akiikata mistari kwenda juu. Kisha macho yakaanza kutazama chini, weupe ukionekana juu ya mboni. Sista wa zahanati alipoyaona macho hayo hakutaka tungoje foleni. Aliandika barua ya rufaa asubuhi ileile.

Tulikwenda Mbale, Uganda, ng'ambo ya mpaka, kwenye hospitali ya watoto ya CURE. Kwa sisi wa Bungoma huko si ugenini. Mlima Elgon ni wetu sote, na Mbukusu akisema na Mgisu wanaelewana bila mkalimani. Nilipoona wauguzi wanazungumza lugha inayokaribiana na ya nyumbani, nusu ya hofu ilinitoka.

Daktari alituonyesha picha ya CT. Ubongo una vyumba ndani yake, na ndani ya vyumba hivyo kuna tishu inayotengeneza maji mchana na usiku. Kwa mtu mzima ni karibu nusu lita kwa siku. Maji hayo huzunguka, huteremka hadi uti wa mgongo, kisha hurudi kwenye damu. Kwa mwanangu ile homa ya wiki ya tatu ilikuwa imeacha makovu yaliyoziba njia. Maji yaliendelea kutengenezwa yakakosa pa kutokea, na vyumba vikatanuka vikiubana ubongo dhidi ya fuvu ambalo bado ni laini.

Njia ya kwanza ni shanti. Ni mpira mwembamba wenye vali, unaotoka kwenye chumba cha ubongo, ukapita chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi tumboni, na maji yanafyonzwa huko. Unafanya kazi na umeokoa watoto wengi duniani. Ubaya wake ni kwamba huziba au huingiwa na wadudu. Hata katika nchi tajiri, takriban shanti 4 kati ya 10 huharibika ndani ya miaka 2 ya kwanza. Ikiziba, mtoto hutapika, husinzia kupita kiasi, na anaweza kufa asipofunguliwa haraka. Tena hatari hiyo haina tarehe ya kwisha. Mtu wa miaka 30 aliyewekewa shanti akiwa mchanga bado anaihitaji.

Njia ya pili hufanywa kwa kamera nyembamba inayoingizwa kupitia utosi. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia nyingine, kisha huunguza ile tishu inayotengeneza maji katika vyumba viwili vya pembeni. Ni kama kuchimba mfereji mpya pale wa zamani ulipoziba, na wakati huohuo kupunguza maji yanayoingia shambani. Hakuna kifaa kinachobaki mwilini.

Kutoboa tundu na kuunguza tishu kwa pamoja kwa watoto wachanga kulianzia hapohapo Mbale. Daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, alihamia huko na familia yake mwaka 2000. Aliwakuta watoto wengi kuliko alivyotarajia, wengi wakitoka vijiji vya mbali, na akaona kwamba kumwekea mtoto mpira utakaoziba siku ambayo mama yake hana nauli ni kumwachia mama huyo mzigo asioweza kuubeba. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya watoto 300. Takriban 60 kwa kila 100 walikuwa wamepata maji kichwani kutokana na maambukizi, na wengi wa hao waliugua ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Niliposoma hapo nililia. Miezi yote nilikuwa nikijiuliza nilikula nini nikiwa mjamzito, nani alinitazama vibaya, nimemkosea nani. Kumbe historia ya mwanangu ilikuwa imeandikwa kabla hajazaliwa, katika watoto wa akina mama wengine.

Pia niliona kwamba kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, tundu peke yake lilifaulu kwa 47 kati ya 100, lakini likiunganishwa na kuunguza tishu likafaulu kwa 66.

Unaweza kuuliza mwalimu wa msingi alisomaje makaratasi ya madaktari. Muhtasari wa tafiti nyingi uko wazi kwenye intaneti bila malipo. Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha alikuwa chuoni akisomea utabibu. Nilimtumia maneno yaliyonishinda, naye akanieleza kwa simu usiku. Usione haya kumwomba mtu wa namna hiyo. Mimi nilijiwekea utaratibu: kwanza natafuta watoto walikuwa wangapi, wa umri gani, waliugua kwa sababu gani, na walifuatiliwa kwa muda gani. Kama watoto hao hawafanani na wangu, naweka kando.

Utafiti uliofanana naye zaidi ulichapishwa mwisho wa mwaka 2017, nao pia ulifanyika Mbale. Watoto 100 wa chini ya miezi 6, wote wakiwa na maji kichwani baada ya maambukizi, waligawanywa kwa kura: 51 kwa kamera, 49 kwa shanti. Baada ya miezi 12 walipimwa akili. Tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa kiasi cha kusema njia moja inashinda nyingine, na ubongo wao ulikua kwa kiasi kilichokaribiana. Matibabu yalishindikana kwa asilimia 35 ya watoto wa kamera na asilimia 24 ya wale wa shanti, na hiyo nayo watafiti waliona haitoshi kutoa hukumu.

Kuna namba moja humo iliyoniumiza. Katika kipimo kile cha akili, mtoto mwenye afya kwa wastani hupata 10. Alama ya kati ya watoto wa kamera ilikuwa 4, ya wale wa shanti ilikuwa 2. Maana yake upasuaji wowote utakaochagua, sehemu kubwa ya madhara imeshafanywa na yale maambukizi. Baba yake aliposikia aliniuliza kwa nini basi tunahangaika. Nikamjibu kwamba bila upasuaji maji yataendelea kuubana ubongo huu uliobaki, na huu uliobaki ndio mtoto wetu.

Kama njia zote mbili zinalingana kwa akili ya mtoto, basi cha kupima ni nini? Hapo ndipo nilipoanza kufikiria barabara. Mpira ukiziba saa nane za usiku mvua ikinyesha, nani ana gari? Mpakani tutapitaje? Tutamfikia daktari wa ubongo baada ya saa ngapi? Nilimuuliza daktari waziwazi: "Daktari, hilo tundu likiziba, huwa linaziba lini?" Akasema mengi yanayoshindwa hushindwa katika miezi 6 ya kwanza, likivuka hapo, wasiwasi hupungua sana ingawa hauishi kabisa. Nikaona tofauti ambayo utafiti wa miezi 12 peke yake haungeweza kunionyesha. Kwa kamera ningebeba hatari kubwa kidogo kwa muda mfupi ninaoweza kuulinda. Kwa shanti ningebeba hatari isiyojulikana itakuja lini, na mwanangu angeendelea nayo akiwa mtu mzima.

Huo ni uamuzi wa mtu wa Bungoma. Mzazi anayeishi Nairobi, dakika chache kutoka kwa daktari wa upasuaji wa ubongo, anaweza kuchagua shanti na akawa amechagua vizuri. Madaktari wenyewe hawakubaliani wote, na wapo wasio na vifaa au mafunzo ya njia ya kamera. Usimwone daktari wako ni mbaya kwa sababu amependekeza mpira. Muulize sababu.

Kitu kingine nilichokijua kabla ya sahihi: daktari hujua hali halisi akishaingia na kamera. Akikuta makovu yamejaa mno, huweka shanti palepale. Kwa hiyo karatasi tuliyotia sahihi iliruhusu yote mawili. Wazazi wengine hushtuka mtoto akitoka chumba cha upasuaji na mpira wakati waliambiwa tundu. Liulizeni hilo mapema.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, tundu likatoboka na tishu ikaunguzwa pande zote mbili. Kazi kubwa ikawa nyumbani. Nilimpima kila wiki, siku ileile, futi ileile, nikiandika kwenye daftari. Baada ya upasuaji kichwa hakipungui kuwa kidogo, msitegemee hivyo. Unachotafuta ni mstari kuacha kupanda na kuanza kwenda sambamba na ile ya kijitabu. Kila jioni nilipapasa utosi akiwa ameketi na ametulia. Kutapika mara moja hakukunitisha, kutapika pamoja na usingizi mzito kungenitoa nyumbani hata usiku wa manane. Na kabla hatujaondoka Mbale niliomba nakala ya picha kwenye diski pamoja na barua ya maelezo, ili ikitokea dharura niweze kukimbilia Eldoret bila kuanza upya.

Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria kwa sababu ya korona. Malori yalipita, mama na mtoto hawakupita. Miezi yetu 6 ya hatari ilikuwa ndiyo imetimia. Ile diski na barua vilikaa juu ya kabati, karibu na mlango.

Jambo la maabara limebaki moyoni mwangu zaidi. Tuliombwa ruhusa ili sehemu ya maji yaliyotolewa kichwani ihifadhiwe kwa utafiti. Waliniambia haitambadilishia mwanangu matibabu, na kwamba nikikataa atahudumiwa vilevile. Nilikubali. Mwisho wa Septemba 2020 yakachapishwa matokeo ya kundi la watafiti wakiongozwa na Steven Schiff pamoja na wenzao wa Uganda, kutokana na maji ya watoto 100: 64 waliougua baada ya maambukizi na 36 waliougua kwa sababu nyingine. Kwa miaka mingi maji kama hayo yalikuwa yakioteshwa maabara na mara nyingi hayaoti chochote. Safari hii walisoma vinasaba vya vijidudu vilivyomo, wakamkuta bakteria aitwaye Paenibacillus kwa watoto wengi wa lile kundi la maambukizi. Walipofanikiwa kumwotesha, aina hiyo ikapewa jina la Mbale. Ni wa jamii ya bakteria wanaojulikana kwa kuvunja vitamini B1, na panya wa maabara walioambukizwa aina hiyo walikufa.

Mimi naona hapo ndipo fedha zinapotakiwa kwenda. Kamera na shanti hufika baada ya moto kuzimika. Tukijua bakteria huyu anamfikiaje mtoto mchanga, na dawa gani apewe siku ya kwanza ya homa, watoto wengi hawatahitaji kufikishwa Mbale kabisa. Kila ninapokutana na mama mjamzito kijijini namwambia: mtoto wa chini ya mwezi mmoja akipata joto, au akikataa kunyonya, usisubiri asubuhi.

Mwanangu alichelewa kutembea. Mkono wa kulia una udhaifu, na mazoezi ya viungo tunaendelea nayo. Anaongea sana, anajua nyimbo zote za kanisani, hesabu inampa shida, nami namfundisha taratibu. Hana mpira mwilini. Bado anapimwa kila mwaka, na akiniambia kichwa kinauma siku mbili mfululizo nampeleka hospitali bila kujadiliana na mtu.

Ukienda kumwona daktari, andika maswali yako kwenye karatasi, kwa sababu mbele yake utasahau. Uliza chanzo cha maji ya mtoto wako, mafanikio ya hospitali hiyo kwa watoto wa umri wake na wenye chanzo hicho, nini kitafanyika kamera ikikuta makovu, nani wa kumpigia simu usiku, na hospitali gani ya karibu na nyumbani inaweza kufungua kichwa kwa dharura. Jibu la swali hilo la mwisho liandike nyuma ya kijitabu cha kliniki, pamoja na namba ya mwenye gari.