Kusini chai huja na sukari yake

Miaka yangu minne ya kwanza Marekani niliishi Minnesota, jimbo la kaskazini. Ukiagiza chai mgahawani wakati wa joto, unaletewa glasi ndefu imejaa barafu, chai ya rangi, kipande cha limau, na sukari hamna. Sukari iko mezani kwenye vipakiti. Unachana vitatu, unakoroga mpaka mkono unachoka, na bado chembe zinazama na kutulia chini kama mchanga. Unakunywa chai chungu, halafu mvuto wa mwisho wa mrija unakuletea sukari tupu.

Nilipohamia Georgia, jimbo la Kusini mwa Marekani, mhudumu akaniuliza: ya sukari au isiyo na sukari? Nikasema ya sukari. Ilikuwa tamu kweli kweli, tamu kuliko soda, lakini utamu umeenea sawasawa kutoka juu hadi chini na ladha ya majani bado unaisikia. Glasi ilipofika nusu akaja na jagi kunijazia tena, bila kunidai kitu.

Aliyenionyesha inavyopikwa ni mama mmoja wa kanisani, mwenyeji wa South Carolina. Anachemsha maji kiasi, anatumbukiza vifuko vya majani, anatia bikaboneti (baking soda) kidogo mno, inayoshikika kwa ncha za vidole viwili, ili kukata ukakasi. Anaviopoa vifuko bila kuvikamua. Kisha, chai ikingali inafuka mvuke, anamimina kikombe kizima cha sukari na nusu nyingine juu yake. “Mwanangu, ikishapoa umechelewa,” aliniambia. Akakoroga mara chache tu, sukari yote ikapotea. Akaongeza maji baridi mpaka ikafika galoni moja, ikaingia friji.

Kumbe hata Kusini hawakuanza hivyo. Kitabu cha mapishi cha Marion Cabell Tyree wa Virginia, jimbo jingine la Kusini, cha mwaka 1879, kinaelekeza chai ya kijani, na sukari vijiko viwili ndani ya kila glasi, pamoja na barafu. Wapo wanaosema chai ya barafu ilizaliwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya St. Louis mwaka 1904, lakini kitabu hicho kimeyatangulia kwa miaka 25. Maonyesho yaliiongezea umaarufu tu.

Galoni ile ina sukari nyingi, na hilo wenyeji wanalijua. Wazee wengi hapa, hasa wenye kisukari, huagiza nusu ya tamu na nusu ya isiyo na sukari, na mhudumu hukuchanganyia bila kushangaa. Mimi pia siku hizi naagiza hivyo.

Mwaka jana nilikwenda Minnesota kumtembelea shemeji. Joto lilikuwa kali, akatoa chai kwenye friji, akaanza kufungua kabati kutafuta sukari. Nikamwambia, shemeji, hiyo iache kwanza, tubandike maji.